Siku moja ndani ya mchoro wa Zohali

Saa mbili asubuhi. Ninapowaambia watu kwamba nageuza michoro ya kale ya anga kuwa mandhari ya kompyuta ambamo mtazamaji anatembea, wengi hudhani kazi ni kuskani picha na kuipa mwendo. Kumbe asubuhi nzima ni rula na tanjenti. Leo mezani ni mchoro wa msanii Chesley Bonestell wa 1944, sayari ya Zohali ikionekana kutoka mwezi wake Titan. Bonestell aliwahi kufanya kazi ya usanifu majengo, na michoro yake inapimika. Kwa umbali wa kilomita 1,222,000, Zohali yenye upana wa kilomita 120,536 huchukua nyuzi 5.65 za anga. Sayari ikiwa sehemu ya 7 ya upana wa picha, kamera ya ndani ya kompyuta hufunguliwa ione upana wa nyuzi 38. Ukizidisha tu kwa 7 unapata karibu 40, na miamba ya pembeni haikai mahali pake.

Saa nne nainua miamba, nabonyeza tufe la sayari: kimo chake ni 0.9 ya upana, lakini programu hukupa duara kamili.

Saa sita mteja anapiga simu. Anataka pete zifunguke, "ili watu waitambue". Namweleza: njia ya Titan ya kuizunguka Zohali imelala karibu sambamba na pete, tofauti ni nyuzi 0.3 tu, kwa hiyo anayesimama pale huziona kwa ubavu, uzi mwembamba. Ndivyo zilivyochorwa. "Kwani nani atapima?" anauliza. Bonestell alipima, namjibu. Anahamia kwenye anga: kwa nini ni ya buluu wakati chombo cha anga Huygens kilipotua Titan 2005 kilikuta ukungu wa rangi ya chungwa? Ukungu huo msanii hangeweza kuujua 1944. Pete alizihesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Namtumia nakala tatu, zote anazirudisha. Saa tisa tunakubaliana: kitufe kimpandishe mtazamaji juu ya pete azione zimefunguka, akishuka chini, uzi unabaki uzi.

Baada ya hapo miamba ikaanza kutetemeka. Kitovu cha mandhari, yaani nukta ambako vipimo vyote huanzia, kilikuwa kwenye Zohali, na namba za biti 32 ambazo programu hutumia kuhifadhi mahali pa vitu zikifika mita bilioni 1.2 huruka hatua za mita 128. Dawa yake: kitovu kihamie miguuni pa mtazamaji, na Zohali ipunguzwe mara 10,000, umbali na upana pamoja. Pembe haibadiliki. Kisha ifungwe kwenye kamera isisogee mtu anapotembea.

Giza limeingia na bado kuna migongo ya miamba. Rangi ya mchoro humwagwa kutoka sehemu moja kama projekta. Mtazamaji akisogea mita 2 tu, ubavu uliofichika unaonyesha michirizi mirefu iliyovutika. Hapo hakuna njia ya mkato, ni brashi kwa brashi, na kila kivuli kiwe na ukingo mkali, kwani Jua la kule lina upana wa nyuzi 0.06 tu. Macho yanawasha. Mwamba wa tatu umekamilika hadi nusu.