Choo kilikoroma, kila mtu akaja na dawa yake

Ukitaka kujua una ndugu na majirani wangapi wanaojua ufundi bomba, waambie choo chako kinakoroma.

Chetu kilikuwa na tabia ya ajabu. Ukikiflashi chenyewe, maji yanakwenda, kwa uvivu kidogo lakini yanakwenda. Subiri sasa mtu amwage ndoo ya maji bafuni, au mashine ya kufulia iteme maji yake. Bakuli linaanza gulugulu, linanyamaza, gulugulu tena, mapovu makubwa yanapasuka, na ukichungulia unakuta maji yaliyobaki shingoni yamepungua. Usiku harufu inapanda hadi vyumbani.

Jirani mmoja akasema mwaga asidi. Mwingine akasema asidi uchanganye na dawa ya klorini ili iwe kali zaidi, na huyo nilimwomba aondoke, maana mchanganyiko huo unatoa hewa ya sumu inayoweza kukulaza humohumo chooni. Mama mkwe akashauri chumvi na maji yanayochemka. Kwa heshima yake chumvi niliimwaga, ila maji yalikuwa ya vuguvugu. Bakuli la kauri halipendi maji ya kuchemka, linaweza kupasuka.

Kisha akaja fundi. Hakugusa choo wala kuuliza kelele zinatokea wakati gani. Alifunua shimo la septiki, akaonyesha maji kwa kidole: "Umeona? Limejaa." Nikamwambia shimo la septiki linalofanya kazi huwa limejaa siku zote hadi usawa wa bomba la kutokea, kwani maji yanayoingia ndiyo yanayoyasukuma mengine yatoke. Cha kupima ni unene wa tope lililotuama chini na utando unaoelea juu. Akacheka, akamtazama mke wangu kama anayesema pole mama, una kazi. Ikapigwa kura nyumbani, nikashindwa. Gari la kunyonya likaja, likalamba mpaka chini, tukalipa pesa ambayo bado inaniuma. Jioni ileile mtu akaoga, choo kikakoroma.

Ndipo shemeji yangu alipojitokeza na ile pampu ya mpira yenye mpini wa mti. Shemeji ni mtu wa mwili na hapendi kazi ndogondogo. Alivua shati lake jeupe, akalitundika kwenye msumari wa bafuni lisichafuke, akatanua miguu mbele ya choo, akaanza. Nikasema, "Shemeji, tuzibe kwanza lile tundu la bafuni, mabomba haya yameungana." Akanijibu, "Wewe shika taa tu, shem." Akasukuma. Choo kikapiga mbweu. Akafurahi, akaongeza nguvu. Kwenye msukumo wa nguvu kuliko yote, kile kichujio cha chuma cha sakafu ya bafu kiliruka kikagonga ukuta, na nyuma yake likapanda jiti la maji meusi yenye nywele na mabaki ya sabuni, likaenda moja kwa moja mpaka kwenye msumari. Shati lilikuwa la kuvaa harusini siku inayofuata.

Wengine walicheka, mimi nilikuwa nafikiri. (Sawa, nilicheka pia.) Msukumo wote ule umerudi bafuni. Bomba la hewa, lile linalosimama hadi juu ya paa, lingekuwa wazi, angalau sehemu ya nguvu ile ingepandia huko. Na hilo ndilo lilikuwa tatizo letu tangu mwanzo: maji yakishuka kwa wingi bombani yanavuta hewa nyuma yake. Hewa isipopatikana juu ya paa, yanaivuta kupitia kizuizi cha maji kilicho karibu, yaani maji yaliyotuama kwenye shingo ya choo. Ndiyo gulugulu hiyo. Maji yale yana kina cha kama sentimita 5 tu. Yakishavutwa yakapungua, hakuna tena cha kuzuia harufu.

Kuhakikisha, nilipanda juu ya paa na kipande cha karatasi ya choo nimekifunga kwenye uzi. Nikakining'iniza juu ya mdomo wa bomba. Binti yangu yuko chini na ndoo: "Baba, nimwage?" "Mwaga!" Karatasi ilitakiwa ivutwe ndani. Haikutikisika hata ncha. Akamwaga nyingine, karatasi imetulia vilevile: bomba limeziba. Sikumbuki lini nimefurahi hivyo kwa jambo kutotokea.

Kila niliyemweleza alisema sukuma na fimbo ndefu, kilichoziba kitaanguka. Kitaanguka wapi? Kwenye kona ya chini, kinase huko, halafu ubomoe sakafu. Mimi nilichukua waya mgumu, nikaukunja ncha kama ndoana, nikaushusha taratibu na kuuzungusha kwa upande mmoja tu, mpaka ukashika. Kikapanda kiota kizima: majani makavu, manyoya, kamba ya katani na kipande cha mfuko wa plastiki kilichofumwa humo kwa ustadi ambao fundi wetu hana. Uso niliuweka pembeni, maana hewa inayotoka humo si ya kuvuta. Karatasi ikarudishwa juu ya bomba, ndoo ikamwagwa, ikanyonywa mpaka uzi ukanichomoka.

Kukoroma kukaisha. Ule uvivu wa maji ulibaki, ila huo ulikuwa rahisi: chemba ya kwanza, yaani shimo dogo la kukagulia bomba la kwenda septiki, ina maji yaliyosimama, ya pili kavu, basi kizuizi kiko katikati yake. Ilikuwa mizizi, myembamba kama nywele, imeingilia kwenye maungio ya bomba. Tukaikata, tukabadilisha kipande, tukakilaza upya kwa mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita. Humo humo tulikuta na zile tishu za maji za kufutia watoto, nzima kabisa, hata pakiti iseme zinafaa kutupwa chooni.

Juu ya bomba la hewa nimefunga wavu wa waya wenye matundu mapana. Usiweke wa mbu. Unashika vumbi na buibui, unageuka kizibo.

Yule fundi wa kwanza nilimpigia simu nikamweleza habari ya kiota. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Sasa bosi, kwani shimo halikuwa limejaa?"