Mjue Mwandishi wa Habari Kabla Hujamhitaji

Simu za waandishi wa habari hujaa ujumbe wa aina moja: "Naomba mtusaidie kurusha habari yetu." Nyingi ya habari hizo si mbaya. Zinakufa kwa sababu aliyetuma hajulikani, na mwandishi mwenye habari mbili za kukabidhi kabla ya jioni hana muda wa kuanza kumchunguza mtu mpya. Mitandao ya kijamii ina kazi moja hapa, nayo ni kukufanya chanzo anachokijua kabla siku ya kumhitaji haijafika.

Tuchukue mfano wa kikundi cha wakulima wa mwani, wengi wao akina mama, pwani ya mashariki ya Unguja, tuseme Paje au Jambiani. Kina katibu mwenye simu janja, na kinataka watu wajue kwa nini mwani aina ya cottonii, wenye bei nzuri zaidi, unakufa maji yanapopata joto, na kwa nini wakulima wamebaki na spinosum wa bei ya chini.

Katibu asianze na akaunti ya gazeti au redio. Akaunti hizo huendeshwa na watu wa dijitali ambao kazi yao ni kupandisha posti, na ujumbe wake utazama huko pamoja na malalamiko ya wasomaji. Amtafute mtu. Atafute neno "mwani" katika tovuti za Mwananchi, Nipashe, Zanzibar Leo, BBC Swahili na DW Kiswahili, asome habari za mwaka mmoja nyuma, na aandike majina ya walioziandika. Majina yatajirudia, na hao ndio wake. Watano hadi wanane wanatosha kabisa. Orodha ya waandishi hamsini ni orodha ya watu usiowasoma.

Katika hao, awape uzito waandishi wa mikoani na wa kujitegemea. Watu huwakimbilia watangazaji wanaoonekana kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku na kuwasahau hawa, na ninaona ni kosa kubwa. Wengi wa waandishi wa mikoani hulipwa kwa habari iliyotoka. Anayewapa habari iliyokamilika amewasaidia kipato, na anayewapotezea siku amewatoa mfukoni. Ndiyo maana hukumbuka haraka nani ni nani.

Kisha ajue kila mmoja anapatikana wapi. Kenya, X bado ni uwanja wa waandishi: huko hubishana, huuliza maswali na hutafuta watu wa kuzungumza nao. Tanzania, X ilizuiwa Mei 2025, kwa hiyo kumjengea mwandishi wa Dar es Salaam au Unguja mkakati wa X ni kupanda mbegu juu ya jiwe. Huku kazi iko WhatsApp na Instagram, na kwa waandishi wa biashara na uchumi, LinkedIn. Unapotumia X, weka waandishi wako kwenye orodha ya faragha. Ukiweka kwenye orodha ya wazi, kila mmoja hupata taarifa kwamba umemwongeza, na washindani wako nao wanaiona.

Halafu kaa kimya na usome. Wiki tatu au nne za kusoma tu zinaonyesha mengi: yupi hupenda takwimu na yupi hupenda sura ya mtu, yupi hukasirika hadharani anapopigiwa simu jioni, yupi amehamishwa dawati, yaani sasa anaandika habari za aina nyingine. Maoni ya "kazi nzuri sana kaka" chini ya kila posti hayamjengi mtu. Mwandishi hupata mengi, na yote yanafanana.

Mguso wa kwanza uwe ni kumpa kitu bila kuomba kitu. Kilicho bora ni maelezo anayoyakosa. Tuseme ameandika kwamba wakulima huingia baharini kila siku kuvuna. Si hivyo: kazi ya shambani hufuata bamvua, siku za karibu na mwezi mpya na mwezi mpevu, maji yanapokupwa sana na vigingi kuonekana. Wakati wa maji mafu, siku ambazo maji hayakupwi sana, shamba halifikiki vizuri. Katibu amwandikie hilo kwenye ujumbe wa faragha, mistari mitatu, na picha moja ya kuthibitisha. Akimsahihisha kwenye maoni mbele ya wafuasi wake atakuwa sahihi, na atakuwa amempoteza. Marekebisho ya hadharani yafanywe pale tu kosa linapoumiza watu na mwandishi amekataa kulirekebisha.

Mguso wa pili ni kumsaidia kwa habari isiyo yako. Mwandishi akiuliza mtandaoni, "Nani anamfahamu mnunuzi wa mwani anayeweza kuzungumza?", mjibu kwa jina la mtu uliyekwisha kumwomba ruhusa. Kugawa namba ya mtu bila idhini yake ni kumkosea, na huenda ukakosana na sheria pia: Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022.

Sasa ndipo uombe. Ujumbe wenyewe uwe mfupi kiasi cha kusomeka bila kuugusa mara ya pili:

"Assalaam alaykum dada. Mimi ni katibu wa kikundi cha mwani hapa Paje, ndiye niliyekutumia picha ya bamvua. Wanachama wetu wameacha cottonii msimu huu, mashamba yote yamebaki spinosum. Ninayo daftari ya mauzo ya miaka mitatu, na mama wawili wamekubali kutajwa majina na kupigwa picha. Bamvua linalofuata ni Jumamosi, maji yatakuwa nje asubuhi. Hatujampa mwandishi mwingine. Nitasubiri jibu lako hadi Alhamisi jioni."

Tazama kilichomo. Kuna kumkumbusha walikojuana, jambo jipya, ushahidi, watu walio tayari kutajwa, na siku ambayo picha zinapatikana. Hilo la mwisho ndilo husahaulika zaidi. Timu ya televisheni ikivuka kutoka Dar es Salaam ikafika wakati wa maji mafu, itapiga picha ya bahari tupu, irudi na hasira. Alhamisi nayo ina maana yake: ikifika bila jibu, una haki ya kwenda kwa mwingine, na umemwambia mapema. Kuwaahidi wawili habari ile ile kuwa ni yao peke yao hugundulika siku inapotoka, na vyumba vya habari vinajuana kuliko watu wanavyofikiri.

Saa ya kutuma ina uzito. Vyumba vingi vya habari hufanya kikao cha kupanga habari asubuhi, kwa hiyo ujumbe uliofika usiku uliotangulia au alfajiri una nafasi ya kuingia kikaoni. Uliofika saa kumi na moja jioni unamkuta akimalizia ukurasa. Usipojibiwa, kumbusha mara moja baada ya siku mbili, kwa kitu kipya kama picha au namba, kisha nyamaza. Alama mbili za buluu bila jibu hazina maana ya chuki.

Mambo madogo ya WhatsApp huharibu mengi. Ujumbe wa sauti wa dakika nne ni mzigo: hauwezi kusikilizwa kikaoni, na kutafuta takwimu moja ndani yake ni kuusikiliza wote upya. Ujumbe wenye lebo ya kwamba umesambazwa unamwambia kuwa yeye ni mmoja wa wengi. Nakili maneno uandike upya. Picha za gazetini zitumwe kama faili, si kama picha ya kawaida, kwa kuwa WhatsApp huibana picha na mchapishaji hupata ukungu. Na zima ujumbe unaojifuta. Mwandishi anahitaji kutunza ulichomwambia, siku mtu akikana awe na kumbukumbu.

Ukitumia orodha ya matangazo ya WhatsApp (broadcast), inayopeleka ujumbe mmoja kwa wengi kwa mara moja, kumbuka inawafikia tu waliohifadhi namba yako. Katibu anaweza kutuma kwa watu themanini na kufikia kumi na wawili bila kujua, halafu alalamike kwamba waandishi wana dharau.

Kumtagi mwandishi kwenye posti nayo ina adabu yake. Posti moja yenye majina kumi na tano ya waandishi wa vyombo tofauti huwaambia wote kwamba habari hii tayari iko kwa wenzao. Vivyo hivyo kumwaga habari yote kwenye ukurasa wako kabla hajaiandika: umeshaichapisha mwenyewe, yeye aandike nini?

Kuhusu maneno yasiyotakiwa kunukuliwa, makubaliano hufanywa kabla. Kutuma aya tano kisha kuandika "hiyo usiitumie" hakumfungi. Andika kwanza, "Naomba hili liwe la kukuelewesha tu, lisinukuliwe," subiri akubali, ndipo uendelee. Usiombe kusoma habari kabla haijatoka. Unaweza kuomba akusomee takwimu na majina yenu ili yasikosewe, na wengi hukubali.

Bahasha pia itazungumzwa. Kanuni za maadili za Tanzania na za Kenya zinakataza mwandishi kupokea fedha ili aandike. Akiuliza nauli, jibu lisilomdhalilisha ni kumtumia anachohitaji akiwa kwake: picha kubwa, video fupi za wima na za mlalo, daftari lililopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na saa ya simu na wahusika. Ukilipa mara moja, umeshaweka bei ya habari zako zote zijazo.

Habari ikitoka, shea linki yenyewe, si picha ya skrini. Anayehesabiwa wasomaji ni yeye. Kama kuna kosa la takwimu, mtumie faragha siku hiyo hiyo pamoja na ushahidi, maana tovuti hurekebishika kwa dakika chache ilhali gazeti la kesho huanza kupangwa mchana. Baada ya miezi miwili mwambie kilichobadilika kwa wakulima, hata kama ni bei ile ile. Na akitangaza kwamba amehamia michezo au ameacha kazi, mpongeze, kisha umuulize nani amechukua dawati lake na kama anaweza kukutambulisha.