Pimbi wa mama yangu na mimi niko Uingereza

Simu ya nyumbani ikiita usiku, sisi wa ughaibuni tunafikiria mambo mawili: msiba au ada. Safari hii nilikuwa zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nikafungua ujumbe wa sauti wa mpwa wangu: "Mjomba shikamoo. Bibi ameingiza watoto wa pimbi jikoni, mama amenuna."

Kwetu ni mlimani, Mwanza, kule nyumba zinakopandiana na majabali. Pimbi, wanyama wadogo wa mawe walio kama sungura kwa umbo, tumewakuta hapo. Asubuhi hutoka wakajipanga juu ya mawe kuota jua, maana miili yao haitunzi joto vizuri, na sisi watoto tukipita kwenda shule walikuwa wanatutazama kama wazee wa baraza. Mwalimu alipotuambia kwamba ukoo wao uko karibu na wa tembo, darasa zima lilicheka.

Sasa jirani anajenga. Jabali lake lilichomewa matairi lipate ufa, likapasuliwa, likawa kokoto. Kundi likakimbia, watoto wawili wakabaki wamejibana kwenye mwanya huku mbwa wa mtaa wakizunguka. Mama akavua kitenge, akawafunika, akaondoka nao.

Dada yangu alikuwa na hoja. Pimbi ana meno ya mbele marefu kama visu na akibanwa anang'ata, tena nyumba ina watoto. Mimi nilihofia sheria. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyamapori ni mali ya umma, na kumfuga bila kibali ni kosa. Nikampigia mama kumweleza. "Nani kafuga?" akanijibu. "Hawa ni wageni. Wewe huko kwenu si unalisha vile vyenye miiba?"

Ni kweli, nilishamtumia picha. Jirani yangu hapa, bibi wa Kiingereza aishiye peke yake, kila jioni huweka chakula cha paka na kisahani cha maji kwa ajili ya kalunguyeye. Maziwa alinikataza kabisa, yanawaharisha. Akimwona mmoja anazurura mchana anajua huyo ni mgonjwa au ana njaa, kwa hiyo hupiga simu, na mtu wa kujitolea hufika na sanduku. Namba ya simu ameibandika kwenye friji. Mama yangu hakuwa na namba yoyote kwenye friji, alikuwa na kitenge tu. Kazini wenzangu wakijua natoka Tanzania huniuliza habari za simba, na swali lao lina harufu ya kwamba kwetu mnyama ama anatula ama tunamla. Niliwaonyesha video ya mama akiwamegea pimbi mchicha. Walinyamaza kidogo, halafu wakaomba video nyingine.

Nilimsihi mpwa wangu aende kwa ofisa wanyamapori. Alikuja mtu muungwana, akawaeleza wasiwazoeze kushikwashikwa, kisha warudishwe haraka kwenye kundi lililohamia mawe ya juu. Bahati nzuri mtoto wa pimbi huzaliwa na manyoya na macho yamefumbuka, na baada ya siku chache tu huanza kutafuna majani. Mdogo alikufa hata hivyo. Mkubwa alipelekwa asubuhi, kundi likiwa juani, akaingia katikati yao na mama akarudi nyumbani akilalamika kwamba hakuaga.

Habari ingeishia hapo, ila mama ameanzisha nyingine. Anataka ninunue kile kipande cha mawe ya juu kabla hajaja mtu na matairi yake. Ndugu wanasema pesa ya ughaibuni imemlevya, eneo lenyewe ni jiwe tupu. Kwa Mwanza hiyo si hoja, watu wanajenga juu ya jiwe kila siku, na mwenye kiwanja analijua hilo kwa bei aliyoitaja. Nimemwambia dada aanze kumshusha.