Siku moja maishani mwangu: nachuma na kuotesha mbegu za maua ya porini, Dodoma

Saa 11:30 alfajiri. Juni ya Dodoma ni baridi na upepo wa vumbi. Navaa sweta mbili, bodaboda mpaka Hombolo, nabisha hodi kwa mzee mwenye eneo. "Mbukwa!" namsalimu kwa Kigogo. Ananiruhusu.

Mpaka saa 4 nachuma maganda ya marejea ya porini, mimea ile ya maua ya njano. Lazima uwahi: jua likikolea, maganda yanapasuka na mbegu zinaruka. Natikisa ganda karibu na sikio. Likilia kama kayamba, limekomaa. Likiwa kimya, naliacha. Kila kichaka nachukua kidogo, nyingine zisubiri mvua ya Desemba palepale.

Saa 6 niko kitaluni. Kupepeta, kuanika kivulini, kufunga kwenye bahasha.

Saa 8 akaja mama mmoja na pakiti yangu ya marejea mkononi. "Mwanangu, umeniuzia mbegu zilizokufa." Wiki tatu anamwagilia, hakuna kilichotoka. Nikamuuliza kama alizikwangua na kuziloweka nilivyomwelekeza. Hakufanya. Nikamweleza: ganda la mbegu hii ni gumu, maji hayapenyi, na ndiyo salama yake, isije ikaota kwa mvua moja ya kudanganya ikaungua. Akajibu kwamba magugu hayana masharti. Hapo iliniuma. Mji wetu haupati hata milimita 600 za mvua kwa mwaka, na maua haya yanaishi humu bila bomba la mtu.

Nikachukua kikata kucha, nikachubua punje moja, nikaitia kwenye kikombe cha maji. Nyingine nzima kwenye kikombe cha pili. Akagoma kuondoka. Alikaa kwenye benchi langu, akipiga simu na kumsimulia kila aliyeingia, wateja wawili wakageuza. Jioni jua likielekea kuzama tukachungulia: iliyochubuliwa imevimba, nzima iko vilevile. Akaigusa kwa kidole, akanyamaza. Kisha akaomba pakiti nyingine ya bure. Nikampa, na kipande cha msasa.

Nilikula usiku umeshaingia, mgongo unawaka. Bado trei ya mgagani. Watu wanaujua kwa mboga tu. Mimi naupandia maua yake, nyuki wanayapenda. Mbegu zake mpya ni wavivu kuota, hivyo natumia za mwaka jana, na nazifunika kitambaa cheusi kwa sababu zinapenda giza. Nikafunua, nikamulika kwa simu. Vimizizi vyeupe, vyembamba kama uzi. Nikahesabu mara mbili: 31 kati ya 50. Nikaandika kwenye daftari, kitambaa sikukirudisha.