Nilivyojifunza kutyuni bandura ya nyuzi 55

Nilikuwa nasoma Kharkiv, mashariki mwa Ukraine, nilipoazimwa bandura, ala ya nyuzi ya Kiukraine, iliyotengenezwa mji wa Chernihiv. Tumbo pana kama sinia, shingo fupi, nyuzi 55. Nilidhani sitapata shida, maana Unguja nimekulia kwenye kanuni ya taarab, na bandura nayo haibanwi nyuzi kwa vidole shingoni: kila uzi una sauti yake.

Siku ya kwanza nilikaa nayo saa mbili, ufunguo mkono mmoja, simu mkono wa pili, nikifuata mshale wa programu ya kupimia sauti. Nilipofika uzi wa mwisho, wa kwanza ulikuwa umeshashuka. Ukikaza nyuzi nyingi, ubao wote unavutwa, na zile ulizomaliza zinalegea.

Mwalimu wangu alinipokonya simu. "Funga macho," akasema. "Waliopiga ala hii hawakuwa na mshale."

Alikuwa anawasema makobza, waimbaji waliotembea kijiji hadi kijiji wakiongozwa na mtoto, wengi wao vipofu, wakiimba duma, tenzi ndefu za vita na utumwa wa Wakozaki, wapiganaji wa zamani wa Ukraine. Bandura zao zilikuwa na nyuzi 20 hivi. Mwaka 1902, hapo hapo Kharkiv, mpiga bandura Hnat Khotkevych aliwapandisha jukwaani mbele ya wasomi wa mkutano wa akiolojia. Mwaka 1938 utawala wa Stalin ulimwua kwa risasi. Tangu niambiwe habari hiyo, sikuishika tena ala ile kwa haraka.

Basi nikaanza upya kwa sikio. Nadonoa uzi wa besi, kisha mwenzake wa juu wenye sauti ile ile. Zisipopatana, mlio unatetemeka, wou-wou-wou. Nasogeza ufunguo kidogo mno. Mtetemo unapungua kasi, unakuwa mrefu, halafu unatulia kabisa. Hapo ndipo. Mzunguko wa kwanza ni wa kukaribia tu, wa pili ndio wa kumalizia. Na nikidonoa, natuliza nyuzi za jirani kwa kiganja, kwani bandura huendelea kuvuma kidole kikishaondoka. Mvumo huo ndio uzuri wake, ila ukiuachia, husikii unachokitafuta.

Wiki ya sita nilimaliza kwa dakika 40. Mwalimu alipitisha ukucha toka besi hadi juu, akaziacha nyuzi zote zivume. Akaurudia uzi mmoja tu, akaukaza kidogo, kisha akanirudishia simu yangu.