Anza na choo, si paa: nyumba ya kuzeekea Kigoma

Kama unataka kujua iwapo mama ataweza kuendelea kukaa kwake akifikisha miaka 80, tembea njia yake ya kutoka kitandani hadi chooni saa nane usiku, umeme ukiwa umekatika. Hesabu ngazi, vizingiti, na kila mahali ambapo mkono hauna cha kushika. Kwenye vilima vya Mwanga, mjini Kigoma, ambako nyumba imekaa juu na choo kiko nyuma kwenye mteremko, njia hiyo ndiyo inayomhamisha mzee kwake. Watu hujibana wabadilishe bati, kumbe bati halijawahi kumwangusha mtu.

Kazi hii ifanyike akiwa na miaka 55 au 60, magoti yakiwa bado mazima. Akishavunjika nyonga, maamuzi yanakuwa ya watoto.

Choo cha kuchuchumaa ndicho kinachoshinda magoti kwanza. Wengi hutoboa kiti cha plastiki na kukiweka juu ya tundu. Miguu ya kiti hicho huteleza sakafu ikilowa, na plastiki iliyokatwa hupasuka ghafla. Ni heri kujenga kiti cha tofali za saruji kuzunguka tundu, ndani kipigwe plasta laini kioshike, juu kiwe na kifuniko. Kimo usimwachie fundi akisie. Mkalishe mama kwenye benchi, nyayo zote zikanyage chini, upime kutoka kisigino hadi nyuma ya goti, kisha uongeze sentimita 3 hadi 5. Kwa wengi inatoka karibu sentimita 45. Sinki nyingi za kukaa ni fupi kuliko hapo, na kuinuka kunakuwa kazi.

Pembeni weka mshikio wa bomba la GI (chuma kilichopakwa zinki) la inchi 1, ambalo kwa nje lina karibu milimita 34 na linajaa vizuri kiganjani. Urefu sentimita 60, kimo sentimita 70 hadi 75 kutoka sakafuni, nafasi kati yake na ukuta sentimita 4 au 5. Nafasi ikizidi, mkono unaweza kupenya na kukwama mtu anapoteleza.

Kinachoharibika hapa ni ukuta. Skrubu kwenye tofali za udongo hutoka siku ile ile zinapohitajika. Chimba mashimo ya sentimita 15, mchomeleaji aache ncha za nondo nyuma ya bomba, ujaze zege la saruji 1, mchanga 2, kokoto 4, na ulimwagilie siku 7. Kisha mwanamume mzima aning'inie hapo kwa uzito wake wote. Kama ukuta ni wa tofali mbichi, achana nao kabisa: simamisha nguzo mbili za bomba, zizame sentimita 40 kwenye zege la chini.

Sakafu isipigwe niru, yaani saruji ya kulainisha na kung'arisha. Ichanwe kwa ufagio mgumu kabla haijakauka, mistari ikikatiza njia ya kutembea. Mlango ufunguke kwa nje: aliyeanguka ndani huuziba kwa mwili wake mwenyewe, na komeo la ndani humalizia.

Kuhusu ngazi, mteremko wa kiti cha magurudumu unataka mita 12 kwa kila mita 1 ya kupanda. Ngazi tatu za sentimita 15 zinadai mita 5.4, na viwanja vingi vya mlimani havina nafasi hiyo. Mteremko mkali ni hatari kuliko ngazi. Bora ngazi zilizo sawasawa, za kukanyagia sentimita 30, zenye mshikio pande zote mbili na kingo zilizopakwa rangi nyeupe. Moja ikizidi nyingine hata sentimita 2, mguu unakosea. Tabora, kwenye tambarare, shida inageuka: magurudumu huzama mchangani, kwa hiyo fedha iende kwenye njia ya zege.

Maji nayo yanataka hesabu. Dumu la lita 20 ni kilo 20, kwa hiyo mnunulie madumu ya lita 5. Mtu mmoja akitumia lita 20 kwa siku, tangi la lita 1,000 linaisha kwa siku 50. Kiangazi cha Kigoma, kuanzia Mei hadi Septemba, kina siku 150 hivi, yaani lita 3,000. Lita 1,000 ni tani nzima, hivyo tangi likae kwenye jukwaa la zege, si juu ya mbao.

Usiku awe na taa ya sola mkononi, kandambili zibadilishwe kwa viatu vyenye mkanda wa nyuma, na mkeka usiwe njiani. Anayetumia dawa za presha akae ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili kabla hajasimama. Ufunguo wa pili ukae kwa jirani, na mkubaliane naye: dirisha la mbele likiwa bado limefungwa saa mbili asubuhi, apige hodi, na asipoitikiwa, aingie.