Kola za Hawick

Treni ya kutoka Edinburgh inaishia Tweedbank. Kutoka hapo hadi Hawick, mji wa kusini mwa Uskoti, ni basi, maana reli ya zamani ilifungwa mwaka 1969, na ilipofufuliwa mwaka 2015 haikufika huko. Nauli ya treni juu ya nauli ya basi iliniuma. Chumba nilichokodi nacho kilikuwa baridi. Niliomba blanketi la pili nikaambiwa hakuna, nikalala na koti.

Nilikwenda kwa sababu ya mama. Tangu sijazaliwa, mama anafuma sweta za shule Nyahururu, Kenya, kwa mashine ya kusukuma kwa mkono, na Hawick ni mji uliojengwa na kazi hiyohiyo. John Hardie alileta mashine nne za kufuma soksi hapa mwaka 1771. Zikafuata nguo za ndani, kisha sweta, hadi leo wanapofuma manyoya laini ya mbuzi wa kashmiri yanayotoka China na Mongolia.

Kiwanda kilichonikaribisha ni cha zamani, madirisha makubwa, harufu ya mafuta ya mashine. Chumba cha kufumia kina kelele za kuziba masikio. Kilichonishika pale ni kwamba kila kipande kinatoka mashineni kikiwa na umbo lake tayari. Mashine ikifika kwapani inahamisha vitanzi vya pembeni kuelekea ndani, kipande kinaanza kuwa chembamba, na pale vilipohamishwa panabaki mstari wa alama ndogondogo. Kwetu tunafuma kipande kipana, tunachora kwa chaki, tunakata kwa mkasi. Uzi unaobaki sakafuni mama ameshaulipia.

Lakini asubuhi yangu karibu yote iliishia kwa mama mmoja wa makamo aliyekuwa akiunga kola. Mbele yake palikuwa na sahani ya chuma ya mviringo, ukingoni imezungukwa na meno membamba kama sindano. Alishika ukingo wa kola akaanza kuvisha vitanzi kwenye meno: kitanzi kimoja, jino moja. Haruki hata kimoja. Akimaliza anavisha shingo ya sweta juu yake, tena kitanzi kwa kitanzi, sahani inazunguka polepole, sindano inapitisha uzi katikati ya vyote. Kisha anafumua mistari ya ziada iliyofumwa makusudi ili apate pa kushika, na mshono unabaki bapa, huuhisi hata ukipitisha kidole.

Alinipa kiti nijaribu. Uzi ulikuwa mweusi, mwembamba kuliko wowote niliowahi kushika, na vitanzi sikuviona kabisa. Akaniambia nisivitafute kwa macho, ninyooshe ukingo kwa vidole gumba hadi vifunguke vyenyewe. Vilifunguka. Nikavisha vichache, akavikagua, akaonyesha nilichoruka, akasema kitanzi kimoja kikiachwa huru, sweta ikifuliwa kinaanza kukimbia, na shimo linashuka hadi kifuani. Alifundishwa kazi hii akiwa msichana. Alisema inachukua miaka mkono kuzoea, na vijana hawakai.

Hapo nikawakumbuka wanafunzi wote wa kwetu wenye kola zilizolegea kabla ya likizo ya Aprili. Nilidhani ni uzi mbaya. Kumbe shingo imekatwa, vitanzi vimekatwa navyo, na ovaloki, mashine ya kushona kingo, imepita juu kuvizuia visifumuke. Mtoto akiivuta sweta kichwani kila siku, mshono huo hauna nguvu ya kushindana naye.

Kuosha nilikuona kwa haraka. Sweta ikitoka kwa waungaji ni ngumu, ina mafuta. Inaoshwa kwa sabuni katika maji laini, yale yaliyowavuta wafumaji kando ya mto Teviot, manyoya yanaamka, ndipo inapigwa pasi ya mvuke. Dukani niliikuta kwa zaidi ya pauni 300. Ni zaidi ya shilingi elfu hamsini! Niliirudisha rafuni.

Usiku nilimpigia mama. Hakuuliza habari za bei. Aliuliza sahani ile ina meno mangapi kwa inchi, na kama zipo za uzi mnene. Zipo, nilikuwa nimeuliza. Akanyamaza akipiga hesabu, akaniambia Januari mzazi anabishana naye kwa shilingi hamsini, na fundi wa kuunga hivyo angetaka alipwe mara mbili. Nikamwambia aache mabega na mikono kama ilivyo, aunge kola peke yake, kwa maana ndiyo inayokufa kwanza. Akasema kola peke yake inawezekana, ila nimtafutie mashine iliyotumika, na nisithubutu kulipa kabla hajaiona kwenye video ikizunguka.